Blenda ilikuwa nzima, wakaikata waya

Nilisema nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Miezi kadhaa iliyopita nilipeleka blenda yangu kwenye kituo cha huduma cha kampuni iliyoitengeneza. Jina silitaji, maana nikilitaja nitaambiwa nina chuki binafsi, na kweli ninayo. Nilikwenda na mashine inayowaka, nikatoka na kuponi.

Kilichoharibika nakieleza, kwa sababu bila hicho mtaona nalalamika bure. Ukiinua jagi la blenda, juu ya mota utaona kigurudumu kidogo chenye meno, cha mpira au cha plastiki, upana wake kama kizibo cha chupa. Hicho ndicho kinachokamata kisu cha chini ya jagi na kukizungusha. Changu kilikuwa kimelika meno. Ukibonyeza swichi, mota inanguruma kama siku zote, kisu kimetulia tuli kana kwamba hayamhusu.

Na kulika kwake si ajali. Kimefanywa laini makusudi, ili kitu kigumu kikikwama kwenye kisu, kiumie chenyewe na mota ipone. Aliyeichora mashine alijua kabisa ni kipi kitakachotangulia kufa. Ni kama raba za breki za baiskeli. Umewahi kuona mtu anatupa baiskeli kwa sababu raba zimekwisha?

Fundi wangu aliifungua, akaipuliza vumbi, akasema mota haina neno, swichi haina neno, waya hauna neno. Shida ni meno. Kampuni hii ina umbo lake la meno, na vigurudumu vyote vilivyokuwa kwenye kopo lake la spea havikuingia. Tulijaribu kimoja kimoja, mpaka kopo likaisha.

"Nenda kwa wenyewe, mama," akaniambia. "Hawawezi kukosa."

Nikaenda kwa wenyewe. Ukutani wameweka duara kubwa la mishale ya kijani, na maneno ya kuahidi kwamba kila unachorudisha kinapewa maisha mapya. Nakiri duara lile lilinifurahisha. Nilikaa kwenye foleni nikilitazama na kujiona mtu mwema, mtu asiyejaza dampo.

Kijana wa kaunta hakuiwasha blenda. Hata jagi hakuliinua. Aliipindua, akasoma namba za kwenye kitako, akaziingiza kwenye kompyuta.

"Mama, hii haitengenezwi."

"Mwanangu, inahitaji kigurudumu tu. Hiki hapa, tazama."

"Hatuuzi vigurudumu. Tunauza blenda."

Nilicheka nikidhani ananitania. Hakuwa anatania. Akanieleza utaratibu kwa sauti ya mtu aliyeurudia mara hamsini tangu asubuhi: ukirudisha cha zamani unapata punguzo la kununua kipya, na cha zamani kinakwenda kurejelezwa, yaani kugeuzwa malighafi ya kutengenezea vitu vingine. Nikasimama pale napiga hesabu. Nyumbani hakuna blenda, fundi ameshindwa, punguzo lenyewe si dogo. Nikasaini. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na ninalisema mwenyewe kabla hajatokea wa kunikumbusha: nilisaini kwa mkono wangu.

Ila sikujua ninasaini nini. Alivuta droo, akatoa plaizi, akaushika waya wa blenda yangu pale unapoingilia kwenye kitako, na huku akimsimulia mwenzake mechi ya jana, akakata. Kach. Hakuniangalia. Hata hadithi yake hakuisimamisha. Bao lilikuwa bado halijafungwa.

Plagi ikaangukia upande wangu wa kaunta ikiwa na mkia wake wa waya, nyuzi za shaba zikimeta pale zilipokatwa. Nyuzi zilikuwa safi, hazina hata doa la kutu. Waya mzima, wa mashine nzima, na sasa ni taka. Sekunde tatu zilizopita haikuwa taka. Mtu akiniuliza taka inatengenezwa wapi, nitamjibu kwamba mimi nimeiona ikitengenezwa, kwa plaizi, na mimi nimetia saini.

"Kwa nini umekata?"

"Ili isirudi sokoni, mama."

"Hata ikitengenezwa?"

"Hata ikitengenezwa. Ndiyo maana tunakata."

Nikamwomba basi anipe jagi. Jagi la kioo, halina ufa, na kifuniko chake bado kinabana. Nyumba yoyote yenye blenda inajua kinachovunjika mara kwa mara ni jagi. Akasema hairuhusiwi, lazima seti irudi kamili. Akalibeba pamoja na kitako, akaviweka kwenye kreti nyuma yake, na jinsi alivyoviweka ilisikika: kioo kililia. Nikauliza kreti linakwenda wapi.

"Kurejelezwa."

"Kurejelezwa wapi?"

"Kuna mkandarasi."

"Anafanyaje huyo mkandarasi?"

"Mama, kuna watu nyuma yako."

Kweli walikuwepo. Mmoja alikuwa amekumbatia pasi.

Sasa ninyi mnaotaka kuniambia "lakini si imerejelezwa?", sogeeni karibu. Kifaa kidogo kama hiki kwa kawaida hakifunguliwi skrubu moja moja. Kinapitishwa kwenye mtambo kinasagwa vipande. Sumaku zinavuta chuma, mitambo mingine inatenga alumini na shaba, na zinazobaki ni plastiki zilizochanganyika: ganda aina moja, vitufe aina nyingine, nyingine zimetiwa nyuzi za kioo ziwe ngumu. Shaba ya mota yangu huenda imeokolewa, sibishi. Lakini plastiki mchanganyiko za namna hiyo ni kazi kuzitenga, na nyingi huishia kuchomwa au kufukiwa. Kwa hiyo kigurudumu kimoja cha mpira kimekosekana, na mota, ganda, jagi na kisu vyote vimekwenda kusagwa kukisindikiza.

Mambo haya si mageni. Mwaka 1979 mbunge mmoja wa Uholanzi, Ad Lansink, alipeleka bungeni hoja ambayo watu wa taka mpaka leo wanaiita ngazi ya Lansink. Juu kabisa ni kutozalisha taka. Chini yake kutumia tena, kisha kurejeleza, kisha kuchoma, na mwisho kabisa kufukia. Kurejeleza ni kidato cha katikati, si kilele. Wenzangu pale kaunta wamechukua kitu kilichokuwa juu, kinachotengenezeka na kuendelea kutumika, wakakisukuma mpaka katikati, halafu wanataka makofi kwa sababu hakijafika chini. Na hicho ndicho wanachokiita uchumi mzunguko, yaani vitu kutumika tena na tena badala ya kutupwa. Mzunguko nilioushuhudia ni wa pesa yangu kuondoka mfukoni kwenda kwao, mara ya pili, kwa kitu kile kile.

Tena tusidanganyane kwamba vikirudishwa ndiyo salama. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 kuhusu taka za kielektroniki inasema mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo ni asilimia 22.3 tu. Vifaa vidogo, yaani ukoo wa blenda yangu, vilikuwa karibu theluthi ya mzigo wote, na kwa vifaa hivyo asilimia inashuka mpaka 12. Kumi na mbili! Nilipoisoma nilikumbuka lile kreti na nikajiuliza blenda yangu imo kwenye hiyo 12 au kwenye 88. Nikalikumbuka jibu: kuna mkandarasi.

Niwe mkweli kidogo, maana hasira inanifanya niwaonee. Yule kijana hakuutunga utaratibu ule. Akiuza kigurudumu kwa huruma, huenda kesho hana kazi. Na kampuni kupokea ilichokiuza, ikabeba mzigo wa kukiondoa, ni afadhali kuliko zile zinazouza na kupotea. Ningeitupa blenda jalalani, betri na nyembe na mabaki ya chakula vingelala nayo pamoja, shaba na yote. Kwa hilo nawapa nyota mbili. Hata tatu, nikikumbuka kwamba blenda ile ilinitumikia miaka bila kelele.

Nilikuwa nimeshaandika tatu. Halafu nikafungua boksi la ile mpya.

Boksi lina mishale mitatu inayofukuzana, ile alama iliyochorwa na mwanafunzi wa Marekani, Gary Anderson, mwaka 1970, akashinda nayo shindano. Alama hiyo haimilikiwi na mtu, kila mwenye wino anaipiga chapa atakapo. Ndani ya boksi kuna blenda iliyovishwa mfuko wa plastiki, jagi limevishwa mfuko wake, waya una mfuko wake, kijitabu cha maelezo kina mfuko wake. Sijui walikuwa wanamwogopa nani.

Na blenda yenyewe, sitasema uongo, ni nzuri. Inasaga kuliko ile ya kwanza, haitetemeki mezani, na asubuhi ya leo nimeitumia kabla ya kukaa kuandika maneno haya makali. Mtoto wangu amenicheka kwa hilo. Acheke.

Kilichonirudisha kwenye nyota moja ni hiki. Siku ya tatu au ya nne hivi, niliinua jagi kufuta maji yaliyomwagika, nikakiona. Kigurudumu. Meno yale yale. Nikaenda kukitafuta kile kilicholika, maana nilikitoa mfukoni pale kaunta kumwonyesha kijana na kwa sababu hakukitazama, nilirudi nacho. Nikakishika cha kale, nikakifungua kipya. Hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume na skrubu za kawaida, ili mota inapozunguka izidi kukikaza. Nikaviweka mezani ubavu kwa ubavu. Upana mmoja, tundu moja, idadi ya meno moja, ukiacha yale yaliyolika. Hata ile herufi ndogo iliyochongwa chini ni ile ile.

Yaani spea ipo. Inatengenezwa mpaka leo, kiwandani mwao, kila siku. Ilikuwepo ndani ya maboksi yaliyopangwa mpaka dari nyuma ya mgongo wa kijana aliyeniambia haiuzwi. Wao wanakiuza, ila lazima ununue na blenda yake.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Niliongea kwa adabu zote, nikaomba vigurudumu viwili tu, nilipie na usafirishaji. Dada aliyepokea alikuwa mpole kuliko yule wa kaunta, na upole wake ndio ulionimaliza. Akasema hana namba ya bidhaa hiyo kwenye mfumo, lakini nisiwe na wasiwasi, kwani kikiharibika tena nitarudisha na kupata punguzo lingine.

Najua kuna nchi wamechoka na michezo hii. Ufaransa tangu 2021 baadhi ya vifaa vinauzwa vikiwa na alama, sifuri mpaka kumi, ya urahisi wa kuvitengeneza, na alama hiyo inaangalia kama spea zinapatikana, zinauzwaje, na kama kifaa kinafunguka. Walianza na simu, kompyuta mpakato, televisheni, mashine za kufulia na za kukatia nyasi. Umoja wa Ulaya nao mwaka 2024 ukapitisha sheria ya kuwabana watengenezaji watengeneze baadhi ya bidhaa zikiharibika hata baada ya dhamana kuisha. Nilipitia orodha kwa kidole nikiitafuta blenda. Friji imo. Mashine ya kufulia imo. Hata mashine ya kuchomelea vyuma imo! Blenda haimo. Labda ni ndogo mno kugombaniwa, na kwa udogo huo huo inatupwa.

Kama una blenda yao na bado inafanya kazi, usiniige. Inua jagi sasa hivi, kitazame hicho kigurudumu, na kama meno yameanza kulainika usisubiri yaishe. Na ukifika pale kaunta, shika waya wako mkononi mpaka umeusoma huo mkataba wote. Ningependa kusema msinunue kabisa, ila nitakuwa mnafiki, maana inasaga vizuri mno. Nunueni. Au msinunue. Mimi sijui tena.

Fundi wangu nilimpelekea vyote viwili, kilicholika na kipya, akavipima kwa kalipa na kuandika vipimo kwenye kipande cha boksi, lile lenye mishale mitatu. Anasema anamjua mtu mwenye mashine ya kuchonga ambaye anaweza kutoa vya aina hiyo hata kumi, kwa mpira mgumu zaidi. Ameomba abaki na kile kipya kwa wiki moja kiwe mfano.

Tangu alasiri ya leo blenda mpya iko kabatini, mota nzima, waya mzima, haina kigurudumu.