Stabilaiza, ethi na mwamba wa Igombe: uzoefu wangu wa miaka miwili

Chuma cha kwanza cha ethi, yaani njia ya kumwagia umeme wa hitilafu na radi ardhini, kiliingia sentimita 40, kikagonga jiwe. Cha pili, hatua nne pembeni, hivyohivyo. Fundi akaweka nyundo chini, akafuta jasho, akaniambia, "Mama, hapa kwako tumekaa juu ya mwamba. Nikikata hivi vyuma na kuvifukia, hakuna atakayejua. Ila radi itajua." Siku ile ndipo nilipoanza kuwaamini hawa mafundi walionifungia stabilaiza na ethi.

Nina kiwanda kidogo cha barafu karibu na mwalo wa Igombe, Ilemela, Mwanza. Tunagandisha mabonge ya kilo 25 kwenye tanki la maji ya chumvi, na wavuvi na wanunuzi wa sangara huja kuyachukua alfajiri. Kompresa, ile mashine inayosukuma gesi ya kugandisha, inazungushwa kwa mkanda na mota ya kilowati 15, halafu kuna pampu ya maji, feni na kikorogeo cha tanki, vyote vya fezi tatu, yaani umeme unaoingia kwa nyaya tatu. Barafu haina subira. Kompresa ikizima saa 6 usiku, saa 11 alfajiri sina cha kuuza, na mvuvi hanisubiri. Anageuza mtumbwi kwenda mwalo mwingine, na akishazoea huko harudi.

Kati ya Machi 2022 na Mei 2023 mota ile iliungua mara 2. Kila mara niliilipia shilingi 1,350,000 kusukwa upya, na hiyo bado sijahesabu barafu iliyoyeyuka wala vijana waliokaa bure.

Baada ya mota ya kwanza kuungua, shemeji yangu aliniletea stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volteji, kutoka duka moja la mjini. Ilikuwa nzito, ina taa nyingi na mita tatu mbele, tukaona tumepona. Fundi wa mtaani akaifunga kwa nusu siku. Miezi 7 baadaye mota ikaungua tena, ikiwa nyuma ya hiyohiyo stabilaiza. Nilikaa na uchungu ule muda mrefu, maana hela nilikopa kwenye kikundi.

Hawa ninaowasifu leo ni kampuni ndogo ya mafundi yenye karakana maeneo ya Nyakato. Nilipowapigia nilitaka bei tu. Wakakataa kunipa bei. Wakaja na kifaa cha kurekodi umeme, wakakifunga kwenye meni swichi na kukiacha siku 7. Nilikasirika, kusema kweli, niliona wananichelewesha. Nawashauri wenzangu msikasirike kama mimi, kwa sababu wiki ile ndiyo iliyonifundisha kuliko miaka yote niliyoendesha mashine.

Sisi tuko mwishoni mwa laini. Kuanzia saa 1 usiku hadi saa 4, nyumba zinapowasha kila kitu na mashine za kusaga bado zinakwenda, volteji kati ya fezi na fezi, ambayo ilipaswa kuwa 400, ilikuwa inashuka hadi 340 na kitu. Alfajiri mzigo wa mtaa ukipungua inapanda hadi 425. Nilidhani umeme ukiwa mdogo mota inafanya kazi taratibu, basi. Sivyo. Mota yenye mzigo uleule ikipewa volteji ndogo inavuta ampea nyingi zaidi ili iendelee kuzunguka, na ampea hizo ndizo zinazopika koili, zile nyaya zilizosukwa ndani ya mota. Nguvu yake ya kuzungusha inaporomoka kwa mraba wa volteji: ikipata asilimia 85 ya volteji, inabaki na asilimia 72 tu ya nguvu. Kwa hiyo inahangaika, inachemka, na bado haisukumi.

Kibaya zaidi ni kwamba fezi zangu hazikuwa sawa. Usiku mmoja, zikipimwa kila moja na nyutro, ambapo ilipaswa kuwa 230, zilisoma 181, 204 na 226. Nyumba nyingi za fezi moja zimeangukia upande mmoja. Tofauti ya volteji ya asilimia 3 tu baina ya fezi huongeza joto la koili kwa karibu asilimia 18, na yangu ilizidi hapo.

Ndipo fundi akaifungua ile stabilaiza ya shemeji. Ni ya aina inayopima fezi moja na kupandisha zote tatu kwa pamoja. Inafaa pale ambapo fezi zinashuka sawasawa. Kwangu ilikuwa inaangalia ile dhaifu, ya 181, inaivuta hadi 230, na huku inazibeba nyingine mbili kwa uwiano huohuo: ile ya 204 inakuwa 259, na ile ya 226 inafika 287. Kifaa kilikuwa kizima kabisa, hakina ubovu wowote. Kiliuzwa bila mtu kuuliza kinakwenda kufungwa wapi. Aliyeuza hakuuliza, aliyefunga hakupima, na mimi sikujua kama kuna swali la kuuliza.

Tulifunga mpya Julai 2023. Ni ya kVA 45 (kVA ni kipimo cha mzigo inaoweza kubeba), kila fezi ina koili yake, mota yake ndogo na kaboni zake, vile vipande vinavyotembea juu ya koili, kwa hiyo kila moja inarekebishwa peke yake. Mimi nilitaka ya kVA 30 kwa sababu ya bei. Wakanipigia hesabu mbele yangu kwamba mzigo wangu ukiwa unazunguka unafika kama kVA 26, lakini mota inapoanza huvuta zaidi ya hapo kwa muda mfupi, hata kwa stata ya sta-delta, kiwashio kinachopunguza mshtuko wa kuanzia, na stabilaiza ndogo ingezimika kila tunapowasha. Wakaweka swichi ya baipasi ya kupitisha umeme pembeni ya stabilaiza ikiharibika, kebo ya milimita za mraba 16, na rilei ya fezi ambayo inakata fezi moja ikipotea au zikipishana kupita kiasi. Rilei hiyo umeme ukirudi haiwashi papo hapo. Inasubiri dakika 5 ili presha ya gesi kwenye kompresa itulie. Kijana wangu wa mashine alizoea kuwasha mara tu taa zinaporudi. Sasa hata akitaka hawezi.

Niwarudishe kwenye ethi, kwa sababu hapo ndipo watu wa Mwanza tunapotapeliwa. Mji wetu ni wa mawe, kila mtu anajua, tunapiga nayo picha. Lakini jiwe halipitishi umeme vizuri, na udongo uliolala juu yake ni mwembamba. Ethi yangu ya zamani walipoipima kwa mita ya ethi ilisoma omu 86; omu ni kipimo cha ukinzani, na kwa ethi namba ndogo ndiyo nzuri. Wao walitaka chini ya 10. Na ziwa hili lina radi nyingi: usiku nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto, upepo wa pande zote unakutana juu ya maji na mawingu yanapanda. Tunaoishi ufukweni tunaijua ile ngurumo ya saa 9 usiku. Kizuia radi, kile kifaa cha kwenye bodi kinachomwaga mshtuko wa radi ardhini, bila ethi ni sawa na mfereji usio na pa kumwaga maji.

Walichofanya ni kuacha kupigana na mwamba. Wakachimba mtaro wa mita 35 kuteremka hadi kwenye matete, ambako ardhi ina majimaji mwaka mzima, wakalaza utepe wa shaba, wakapigilia vyuma vitatu huko chini kwa kuachanisha, na kuzungushia bentonaiti, ule udongo wa mfinyanzi unaoshika maji. Kisha ethi zote, ya paneli, ya tanki, ya stabilaiza na ya ofisi, zikaunganishwa kuwa moja, ili radi ikipiga kusiwe na tofauti ya volteji baina ya chuma na chuma. Mita ikasoma 8.2, na ilikuwa kiangazi. Pimeni wakati wa kiangazi, tafadhali. Masika ya mwaka uliofuata ilisoma 5.6, kwa hiyo mtu akikupimia Aprili na kuondoka, hujui Agosti itakuwaje.

Jambo jingine dogo ambalo fundi wa kwanza alilikosea: nyaya za kizuia radi. Aliziacha ndefu, zimekunjwa vizuri kama kamba, karibu mita 2. Mshtuko wa radi unapopita, kila mita ya waya inaweza kuongeza kama volti 1,000 juu ya kile kinachofika kwenye mashine. Hawa walikihamisha kifaa chenyewe hadi nyaya zikawa fupi kuliko nusu mita.

Gharama: shilingi 9,800,000 kwa stabilaiza na ufungaji, na 2,100,000 kwa ethi. Ni hela nyingi. Niliuza pikipiki.

Sevisi ni mara 2 kwa mwaka: wanasafisha, wanakaza viungio, wanaangalia kaboni, wanapima kila fezi ikiwa na mzigo, wananiachia karatasi yenye vipimo. Sevisi ya kwanza walikuta feni imezibwa na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi, wakaweka wavu wa kuvutwa, na kijana wangu anausafisha kila Jumamosi.

Mapungufu yapo. Sevisi ya Novemba 2024 ilichelewa wiki 3, na ilibidi nipige simu mara nne. Februari iliyofuata kadi ya kielektroniki inayoongoza fezi moja ya stabilaiza ilikufa, ikaagizwa kutoka Dar es Salaam, tukakaa siku 11 kwenye baipasi. Rilei ikawa inakata karibu kila jioni, na barafu ikapungua kwa theluthi. Nilitaka wawe na kadi ya akiba karakanani, nimewaambia, wamekubali, bado sijaiona. Stabilaiza pia inavuma, msilale chumba cha jirani. Na umeme ukikatika umekatika; hii si jenereta.

Nikiulizwa nawaambia wenzangu wa barafu na wa kusaga: mwombe fundi leseni yake ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, halafu umtazame anavyoanza. Akitaja bei kabla ya kutoa mita kwenye begi, mwache aende zake.

Aprili mwaka huu ilipiga radi saa 9 usiku, kubwa mpaka madirisha yakatikisika. Rilei ikakata, ikasubiri, ikawasha. Asubuhi nikaenda kwenye bodi: kidirisha kimoja cha kizuia radi kilikuwa kimegeuka kutoka kijani kuwa chekundu, ishara kwamba kipande hicho kimekwisha. Nikampigia fundi. "Mama, ndiyo kazi yake, nitakuletea kipande," akasema, akaja kesho yake na kukibadilisha kwa shilingi 180,000. Kompresa ilikuwa inazunguka, na mabonge 110 yalikuwa yameshaondoka na mitumbwi.