Mji wa Kale wa Mombasa kwa Miguu: Tathmini ya Matembezi ya Nusu Siku

Nimekuwa nikiingia na kutoka Mji wa Kale wa Mombasa kwa miaka mingi, lakini mwezi uliopita, nilipotembelewa na shemeji zangu wawili kutoka Kisumu, niliona afadhali niwatafutie mtembeza wageni wa kulipwa, kwa kuwa kuuzoea mji hakumpi mtu uwezo wa kuueleza. Bei tulikubaliana mapema kwa simu, kiingilio cha Ngome ya Yesu tukaambiwa kitalipwa mbali, na saa mbili kamili asubuhi mzee wetu alikuwa ameshafika, kanzu na kofia, akitungoja Forodhani.

Jambo lililonifanya niyasifu matembezi haya ni mahali yalipoanzia. Watembezaji wengi huwapeleka wageni ngomeni moja kwa moja, kisha huwapitisha vichochoroni wakiwa wamekwisha kuchoka, hata mgeni akarudi kwao akidhani kwamba Mombasa ilianza na Wareno. Mzee huyu alitupeleka kwanza Bandari ya Kale, akatusimamisha tuyatazame maji ya upande wa Tudor, akatueleza habari za pepo mbili: kaskazi, inayoanza kuvuma mwishoni mwa mwaka na kuvileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi, inayovirudisha baadaye. Baharia aliyekuja na kaskazi hakuwa na budi kuingoja kusi, na katika miezi hiyo ya kungoja aliuza, alinunua, alioa, akasali pamoja na wenyeji. Shemeji yangu mkubwa aliuliza kwa nini basi meli kubwa hazionekani hapa. Akajibiwa kwamba zimehamia ng'ambo ya pili ya kisiwa, Kilindini, ambako jina lenyewe linakwambia kuwa maji ni ya kina, na kwamba huko ndiko reli ilikoanza kujengwa mwaka 1896, ikafika kwao Kisumu mwaka 1901. Nilimwona akinyamaza kidogo, kama mtu aliyeonyeshwa ncha ya pili ya kamba aliyoishika tangu utotoni.

Kutoka hapo tulipita Ngazi za Leven, zinazotelemka hadi majini na kubeba jina la manowari ya Kiingereza iliyofika mwaka 1824, kisha tukasimama mbele ya Msikiti wa Mandhry, ambao hutajwa kuwa ni wa mwaka 1570, wenye mnara mweupe uliokatwa kwa umbo la pia. Hatukuingia, kwa kuwa watu walikuwa wakisoma ndani, na nilipendezwa na adabu ya mzee wetu, aliyeshusha sauti bila kuombwa.

Ndia Kuu, mtaa mkuu wa Mji wa Kale, ndiyo iliyotuchukua muda, na haki yake. Mbele ya mlango mmoja wa nakshi tulisimama karibu robo saa. Mzee alituonyesha mfaa, ule mti wa katikati unaofunika maungano ya mbao mbili, akapitisha kidole juu ya maua yaliyochongwa humo, akatuonyesha mahali ambapo fundi wa zamani alichimba kwa kina na mahali ambapo fundi wa siku hizi alitia kiraka kwa mchongo wa juujuu, kisha akarudia kwa kupapasa huku amefumba macho ili tuone kwamba tofauti hiyo hata mkono unaijua. Wageni wangu nao wakapapasa. Juu yetu palikuwa na roshani za mbao, nyingine zimekarabatiwa vizuri, nyingine zimelegea kiasi cha kutia huruma. Baadaye, barazani, aliwatajia habari za Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita aliyetunga beti za kumkaidi Seyyid Said, sultani wa Omani, kabla utawala wa Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, haujaanguka mwaka 1837.

Lawama yangu kubwa ni ya duka. Tuliingizwa katika duka la vinyago na viungo, tukakaa humo zaidi ya nusu saa, na ilikuwa dhahiri kwamba tulitarajiwa kununua. Wageni walioheshimiwa namna ile asubuhi nzima hawakustahili kuhimizwa vile. Aidha, walioandaa matembezi hawakututahadharisha kuhusu mavazi, jambo ambalo lingesemwa kwa sentensi moja tu katika simu, nasi tukalazimika kumtafutia shemeji yangu leso kabla ya kuingia mitaani.

Muda ulioliwa dukani ulikatwa ngomeni. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, ikazingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, ikafanywa jela na Waingereza, na ikawa makumbusho mwaka 1960, haionekani kwa dakika arobaini. Vyombo vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, tulivipita mbiombio. Kwa sababu hiyo, kesho yake tulirudi wenyewe, tukalipa kiingilio upya, tukakaa mbele ya ukuta ambao Wareno waliuchora meli kwa makaa na udongo mwekundu. Shemeji yangu mdogo alizihesabu meli hizo moja moja.

Mzee wetu nitamwita tena bila kusita, kwa sharti mbili nitakazozitaja kabla ya kulipa: dukani tusiingie, na ngomeni tupewe saa mbili nzima. Anayetaka kuviona vyombo vya mbao vikipakua mizigo aje wakati wa kaskazi, afike Forodhani mapema kabla jua halijakuwa kali, na aache nafasi tumboni kwa mbaazi na mahamri.