Dona au sembe: sumukuvu iko wapi zaidi?

Dona ina lishe kuliko sembe, hilo sibishi. Lakini sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu (aflatoksini), hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini cha punje, na dona husagwa na vyote. Sembe hukobolewa kwanza, hivyo sehemu kubwa ya sumu huondoka na pumba. (Pumba hizo usimpe ng'ombe wa maziwa; sumu hupita hadi kwenye maziwa.) Moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya.

Mimi napika dona pale tu nilipochambua mahindi mwenyewe kwenye ungo, nikatupa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zenye ukungu wa kijani. Mahindi nisiyoyajua yalikotoka? Sembe, hasa kwa uji wa mtoto.