Uzoefu wangu: kutengeneza bodi ya pikapu iliyoliwa na kutu ya maji ya samaki

Habari zenu wakuu. Naandika hii kwa ajili ya wenzangu wenye pikapu za kubebea samaki, dagaa, chumvi, mwani, chochote kile kinachodondosha maji ya bahari, maana nimetoka kutengeneza bodi ya nyuma ya Hilux yangu na kuna mambo nimeyaona pale gereji ambayo mafundi wengi hawakuambii mpaka uwabane kwa maswali. Kwa kifupi fundi nampa nane kwa kumi, na hizo mbili nilizomkata nitazisema huko mbele.

Gari yenyewe ni ya mwaka 1994, kebini moja, injini ya dizeli ya 3L (hilo ni jina la injini, siyo lita tatu), inatoa samaki Bagamoyo kuleta Dar na siku nyingine inapakia soko la samaki la Feri kupeleka kwa wateja wangu wa hotelini. Injini hainisumbui kabisa, ile 3L ukiipa oili kwa wakati inapiga kazi tu. Bodi ndo ilikuwa imechoka, na wakati naichukua nilijua, bei ilishushwa kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo hela ya matengenezo nilishaitenga pembeni toka mwanzo.

Mwenye gari wa kwanza alitandika kapeti zito la mpira sakafu nzima ya bodi, na hili nalisema kwa uchungu maana watu wengi sana wanafanya hivi wakijua wanalinda bati, kumbe ukibeba samaki wa barafu ile barafu inayeyuka, maji yanachanganyika na chumvi na damu, yanapenya chini ya kapeti na yakishaingia hapo hayakauki tena hata gari ishinde juani. Juu unaona pamekauka, chini bati limelowa masika na kiangazi. Tulipolivua tukakuta rangi imevimba mapovu, chini ya mapovu kuna pati (ile dawa nzito ya kusawazisha bati kabla ya rangi), na chini ya pati kutu inabanduka tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu. Yaani mtu alipaka pati juu ya kutu, akapiga rangi, akafunika na kapeti. Pati inanyonya unyevu jamani, ukiipaka juu ya kutu ule unyevu unabaki humo humo na kutu inaendelea kula taratibu mpaka bati linaisha.

Palipooza zaidi ni kona mbili za mbele, kule karibu na kebini. Nikauliza kwa nini pale na siyo mlangoni ambako ndo maji yanamwagikia, fundi akaniambia pikapu ikiwa tupu springi za nyuma zinainua mkia, gari inainamia mbele kidogo, kwa hiyo maji yote yanayobaki yanateremka kwenda kutuama nyuma ya kebini. Nenda kaangalie ya kwako kama siyo hivyo.

Kabla ya kumpata huyu fundi nilizunguka gereji kadhaa. Ya kwanza jamaa aliangalia kwa juu juu, akasema tupige pati na rangi, laki mbili na nusu, lete asubuhi uchukue kesho yake jioni. Nikashukuru nikaondoka. Mwingine akataka kulaza cheka pleti, lile bati lenye vinundu, juu ya sakafu ile ile mbovu na kuibana kwa ribiti, inapendeza kwa macho kweli, lakini maji yatapita kwenye ribiti na kukaa katikati ya bati mbili, ni lile kapeti la mpira limerudi kwa sura nyingine. Mwingine alinishauri ninunue bodi nzima iliyotumika, milioni moja na laki nane, nikaenda kuikagua, nikapitisha kidole kwenye mshono wa chini kikatoka na unga mwekundu. Sasa kuna faida gani hapo?

Huyu wa mwisho alichukua nyundo ndogo na bisibisi, akaanza kugonga sakafu yote kidogo kidogo akisikiliza, panapolia vizuri anapita, panapotoa sauti ya kufa anachomeka bisibisi, na ikizama anazungushia chaki. Alivyomaliza bodi ilikuwa imejaa chaki. Nikamuuliza bei. Akanijibu, "Dada, nikikutajia bei sasa hivi nitakudanganya. Ngoja niishushe bodi kwanza nione mbavu zake, afu nakuita uje uone kwa macho yako ndo tuongee hela." Hapo hapo nikaona huyu ndo wangu.

Kushusha bodi siyo kazi ndogo. Kwanza alichomoa terminali za betri, maana umeme wa kuchomelea ukipita kwenye waya za gari unaweza kuunguza altaneta. Akatoa waya za taa za nyuma, akafungua shingo ya kujazia dizeli, afu zikaja bolti zenyewe, zimegandana na kutu hazitaki spana wala nini. Kijana wake mmoja akataka kuzipasha moto kwa gesi, fundi akamkataza kwa ukali kabisa kwa sababu tenki la dizeli liko pale pale chini, wakazikata kwa grinda wakiwa wamefunika tenki na magunia yaliyolowa maji. Bodi ikanyanyuliwa na vijana ikageuzwa kichwa chini juu ya matairi chakavu. Na akanipigia simu kweli kama alivyoahidi.

Chini kulikuwa na hali mbaya kuliko juu. Zile mbavu zinazobeba sakafu zina uwazi ndani, tope linaingia linaganda humo, na likishashika chumvi halikauki vizuri. Mbavu mbili za mbele ulikuwa unazibonyeza kwa kidole gumba zinabomoka. Sasa fikiria yule wa pati na rangi angepaka vizuri juu, nikapakia makreti ya samaki na barafu, sakafu si ingebomoka njiani.

Alipomaliza kukagua bodi akagonga chesisi yote na nyundo, na hili mngelifanya wote mkipata nafasi ya kuona chesisi bila bodi. Yangu ilikuwa na kutu ya juu tu, chuma bado kizima. Msifikiri ni magari yetu makuukuu tu yanaliwa, mwaka 2016 kule Marekani Toyota walikubali kumaliza kesi ya chesisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizooza kwa kutu, makadirio yalifika hadi dola bilioni 3.4, na huko chumvi inatoka barabarani maana wanaimwaga kuyeyusha barafu wakati wa baridi.

Kazi ilianza na kuosha. Nilishangaa kidogo kuona bodi yenye kutu inamwagiwa maji, ila ana hoja, chumvi iko ndani ya vishimo vya kutu na ukipaka rangi juu ya chumvi hata rangi iwe ya bei gani itavimba tu, kwa hiyo alipiga maji baridi ya bomba, yaani yasiyo na chumvi, na sabuni kwa mashine ya presha, akaacha ikauke juani, afu ndo akaanza kukata. Alikata kuvuka alama za chaki mpaka anakuta chuma kinachong'aa pande zote. Mimi nilikuwa namwonea huruma bati langu, matundu makubwa mtu anaweza kupitisha kichwa, lakini akasema ukichomelea bati jipya kwenye kingo zilizoliwa, moto unatoboa, na hata kama ukishika unashika kitu kilichokufa.

Shiti tulienda kununua pamoja Gerezani, geji 16, ile ya milimita 1.5 hivi, futi 4 kwa 8, na kwa mbavu akachukua pleti ya milimita 2 akaikunja mwenyewe. Nasisitiza hili la geji kwa sababu nimeona pikapu za watu zimezibwa na bati za kuezekea nyumba, geji 28 au 30 (geji ikiwa namba kubwa bati ni jembamba), bati laini kiasi hicho halibebi hata kreti moja ya samaki ikitua kwa kishindo. Na kama ni bati lenye zinki, fundi inabidi aikwangue zinki kwenye njia ya moto kabla ya kuchomelea, ule moshi mweupe unamtia mtu homa na kutetemeka usiku, mafundi wanaujua vizuri.

Kuchomelea alitumia mashine ya waya na gesi, siyo ya rodi. Rodi hata ile nyembamba ya geji 12 inampa shida fundi kwenye bati jembamba, inatoboa. Alikuwa anapiga nukta hapa, anaruka upande wa pili anapiga nyingine, anasubiri ipoe, anarudi, maana ukiburuta moto mfululizo bati linapinda na sakafu inabaki na mawimbi ambayo maji yatatuama. Nilikaa kwenye ndoo naangalia kazi hiyo asubuhi nzima na wala sikuchoka.

Sasa sikilizeni hapa. Moto wa kuchomelea unaunguza rangi upande wa chini pia, na watu wengi wanapaka juu tu kwa sababu bodi haijashushwa, hawafiki chini. Ndo maana kiraka kipya kinaanza kuoza kwa nyuma na ukija kuona doa juu tayari kumeisha. Kwa hiyo mtu akikuambia atakata na kuchomelea bila kushusha bodi, muulize upande wa chini wa mshono atapaka vipi. Jibu lake ndo litakuambia kama umpe kazi au uondoke.

Baada ya kuchomelea alisaga mishono, na siku hiyo hiyo akapiga praima, ile rangi ya kwanza inayoshika chuma. Pwani huku chuma kitupu ukikilaza usiku mmoja asubuhi kimeshakuwa na rangi ya chungwa, hewa yenyewe ina chumvi. Chuma kipya alikipaka praima ya zinki, pale penye vishimo vya kutu lakini bati bado nene alipaka kwanza dawa ya asidi ya fosforasi, kutu ikageuka nyeusi, akaosha, akakausha, afu hapo akaweka praima ya epoksi. Nikamuuliza mbona siyo ile ile moja kila mahali, akasema zinki inataka kugusa chuma chenyewe ndo ifanye kazi, inaliwa yenyewe badala ya chuma, ukiipaka juu ya dawa au rangi umetupa hela. Mishono yote akajaza silanti (gundi ya kuziba maji yasipenye) juu na chini, ndani ya mbavu akapuliza mafuta mazito ya kuzuia kutu kwa mpira mwembamba mrefu mpaka yakaanza kutoka upande wa pili, na sakafu akamalizia na ile rangi ya mpira yenye chenga chenga. Na oili chafu ya injini ambayo wengi tunapaka chini ya gari yeye haitaki, anasema inaoshwa na mvua, inashika vumbi, na inaharibu raba za bushi.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni matundu ya maji. Alitoboa kwenye zile kona za mbele, akachomelea vipande vifupi vya bomba kushuka chini, na akahakikisha midomo yake inapita pembeni ya chesisi ili maji ya chumvi yasidondokee huko. Sasa nikishusha mzigo dereva anamwaga maji baridi, anapiga brashi, maji yanaisha yote kwa dakika chache. Kapeti la mpira halirudi tena, natumia vichaga vya plastiki ambavyo vinainua makreti na hewa inapita chini, na jioni vinatolewa.

Gharama yote imefika kama laki tisa na nusu, zaidi ya nusu ni vifaa. Rangi ya mpira ndo ghali kuliko kitu kingine. Kama hubebi vitu vya bahari unaweza kuiacha ukapaka rangi ya kawaida ya epoksi, lakini kwenye praima na silanti usibane hela kabisa.

Zile alama mbili sasa. Ya kwanza ni muda, aliniambia wiki moja na ikapita mbali, umeme ulikuwa unakatika kweli lakini pia alikuwa anapokea magari mengine katikati ya kazi yangu na mimi huku nakodi Kirikuu kila siku, na samaki hawasubiri fundi. Nilimwambia usoni, akaomba radhi na akapunguza hela ya ufundi kidogo. Ya pili ni rangi ya nje, mlango wa nyuma umetoka mweupe wa maziwa wakati gari ni nyeupe iliyofifia, ukisimama mbali unaona kabisa ni vipande viwili tofauti. Huyu ni fundi bodi mzuri, rangi siyo eneo lake.

Mvua za masika zimeshaipiga, nimeingia uvunguni na tochi nikapitia mishono yote, silanti imeshika, kwenye mbavu yale mafuta bado yapo, ila kuna bolti moja mpya imeanza kuchora kutu kwenye washa. Tumekubaliana niipeleke aibadilishe, na ule mlango aupeleke mwenyewe kwa fundi rangi kwa gharama yake. Wenye swali kuhusu geji au dawa ulizeni tu, nitajibu nikitoka sokoni.