Mafundi wa kukata miti, Tanga: mnazi ulioinamia jiko

Tangu masika mnazi wetu ulikuwa umelalia upande wa jiko. Fundi wa kwanza alikuja na shoka, elfu hamsini, auangushe mzima. Nikamwambia asante baba, mabati yangu bado nayataka.

Hawa wa pili walikuja watatu, wamechelewa saa nzima. Mkwezi alipandia mgongoni mwa mnazi, yaani upande wa juu wa mwinamo, si tumboni, kamba kiunoni. Akashusha nazi, kisha makuti, halafu shina kipande kwa kipande, kila kimoja kikining'inia kwenye kamba iliyozungushwa kwenye mwembe wa karibu, mwenzake chini akiilegeza taratibu. Bati moja tu limebonyea. Shilingi 150,000, si kidogo. Unga wa msumeno bado tunaukuta kwenye masufuria, na kisiki wameniachia. Kuking'oa ni hela nyingine.