Playfair Display kwenye kadi ya harusi: kichwa safi, tarakimu chunga

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Leo ni zamu ya fonti, yaani muundo wa herufi, iitwayo Playfair Display. Kama uko Dar na unatumiwa kadi za michango WhatsApp, huenda umeshaiona hata kama jina hulijui: zile herufi zenye vijiguu mwishoni, mstari mmoja mnene, unaofuata mwembamba kama uzi.

Aliyeibuni ni Claus Eggers Sørensen wa Denmark, ikatoka mwaka 2011. Ni ya bure hata kwa kazi ya biashara. Ipo Google Fonts, maktaba ya fonti ya Google, ipo Canva, ile programu ya kutengenezea kadi, hakuna sababu ya kuitafuta kwenye tovuti za uchochoroni.

Umbo lake asili yake ni Uingereza ya karne ya 18, enzi za John Baskerville wa Birmingham na waliomfuata. Kalamu ya ncha kali ilikuwa inashika nafasi ya ile ya ncha pana, wino na karatasi navyo vimekuwa bora, ndipo ikawezekana kuchapa mstari mwembamba kiasi hiki. Hilo la karatasi lishikeni, lina kazi mbele.

Tazameni hapa. Nimeandika “Mwaliko wa Harusi” kwa ukubwa. Herufi ndogo zimepanda juu, na mikia ya g, j na p ni mifupi, kwa hiyo mistari miwili inabanana bila kugongana. Kwetu hii ni faida kubwa, maana maneno ya Kiswahili ni marefu na kichwa lazima ukikate. Jina la bibi harusi kwa herufi za mlazo? Linapendeza mno, naipenda kweli hapo.

Shida yangu ni tarakimu. Angalieni “Sh 150,000”. Moja na sifuri zimekaa chini, sifuri unaidhania herufi o, tano imeteremka chini ya mstari. Hizi ni tarakimu za mtindo wa kale, ndizo inazokuja nazo. Ndani ya aya zinakaa vizuri. Lakini kadi ya mchango ni tarakimu tupu! Tarehe, kiasi, namba ya simu ya mweka hazina. Mjomba wa watu akikosea namba, hela imekwenda kwa mwingine.

Dawa ipo. Kwenye Word, fungua mipangilio ya fonti, sehemu ya Advanced, kwenye Number forms chagua Lining; zote zitasimama sawa. Illustrator, programu ya wachoraji, nayo inayo kwenye dirisha la OpenType. Anayetumia Canva, namba aziandike kwa fonti nyingine, Lato au Montserrat, amalize.

Na majina kama Nyang'oro, wekeni kile kialama chenye umbo la koma, si kijiti kilichonyooka. Kwenye fonti hii kijiti kinaonekana vibaya sana.

Sasa karatasi. Ile mistari myembamba, ukiiweka nyeupe juu ya rangi nyeusi, wino unaimeza. Maandishi madogo ndiyo kabisa, “Familia inayo furaha kukualika” inabaki vipande vipande. Lipo toleo jipya liitwalo Playfair tu, ambalo mistari inanenepa kadiri unavyopunguza saizi. Kwa maandishi madogo tumieni hilo.

Kichwani naipitisha bila kusita. Ila kabla hamjalipia kadi zote, mwambieni mwenye mashine achape moja kwanza, kwenye karatasi ileile, mumpe mzee mmoja asome namba kwa sauti.