Alfa Romeo Spider ya kale: tazama kizingiti kabla ya mkia

Malalamiko ya walionunua Spider, gari dogo la michezo la Italia, yanafanana: gari lilifika na rangi nyekundu inayong'aa, injini safi, kisha baada ya misimu miwili ya baridi mlango wa dereva ukaanza kukwama. Habari za kasi zimeandikwa vya kutosha. Kinachosahaulika ni kizingiti, lile boriti la bati chini ya mlango.

Spider haina paa la bati, hivyo vizingiti ndivyo vinavyoshikanisha mbele na nyuma. Kila kimoja kina tabaka tatu za bati. Maji yakipenya na matundu ya kuyatoa yakaziba kwa tope, kutu hula kutoka ndani. Ukiona rangi imetoa vipele kwa nje, bati la katikati huenda limekwisha zamani.

Inua zulia ukague upande wa ndani. Funga sumaku ndogo kwa kitambaa, ipitishe kuanzia nyuma ya gurudumu la mbele. Pale isiponata pamejazwa puti. Kisha funga mlango, inua gari kwa jeki, tazama pengo la mlango kwa nyuma, juu. Likibana, au mlango ukigoma kufunguka, achana nalo. Fundi mzuri hulehemu kwanza vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango, ndipo akate kizingiti. Asiyefanya hivyo analehemu bodi iliyokwisha kupinda, na mlango haukai sawa tena.

Chaguo langu la kwanza, bila kusita, ni toleo la mkia uliokatwa, yaani nyuma iliyokatwa wima, la kuanzia 1970, hasa 2000 Veloce yenye injini ya sentimita za ujazo 1,962. Buti lina nafasi zaidi, na bei ni ya chini kuliko ya mkia wa mviringo. Injini ikiwa baridi, shuka kutoka gia ya tatu hadi ya pili: ikikwaruza, sinkronaiza, kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia, imechoka, ugonjwa wa kawaida wa Alfa hizi. Oili ikielea kwenye maji ya rejeta, gasketi ya silinda hedi na vipete vyake vya mpira vinavuja.

La pili ni mkia wa mviringo wa 1966 hadi 1969, ambao Waitaliano huuita osso di seppia, mfupa wa ngisi. Pininfarina, kampuni iliyochora bodi lake, hawakuchora Spider nzuri kuliko hiyo, lakini unalipia umbo, na kutu ni ileile.

La mwisho ni 1300 Junior, yenye injini ndogo: nguvu ndogo, gharama ya kulehemu haipungui.

Inaudhi jinsi wauzaji wanavyoita kila Spider "Duetto", jina lililopatikana kwenye shindano la 1966 kwa ajili ya ile 1600 ya kwanza, wakapandisha bei kwa neno hilo tu. Picha ishirini za dashibodi, ya chini ya gari hakuna hata moja. Dai picha za ncha zote nne za vizingiti, gari likiwa juu ya lifti, kabla ya kutoa hata euro moja ya arubuni.